Aliyepotelewa na Pasipoti Ng'ambo ya Ruvuma

Kaskazi inapoanza kuvuma, kuanzia mwezi wa Novemba, mashua na majahazi ya Msimbati, Msangamkuu, Mgao na visiwa vyetu hutweka tanga na kushika njia ya kusini. Wengine huenda dago katika visiwa vya Cabo Delgado, kama vile Vamizi, Matemo na Ibo, wakakaa huko miezi kadhaa wakivua na kukausha samaki. Wengine huelekea Palma na Mocímboa da Praia na bidhaa za dukani, wakarudi na ng'onda. Wapo pia waingiao bara zaidi, hadi Montepuez na Nampula, kutafuta riziki ya madini na uchuuzi. Kusi ikiingia, hurejea. Mwendo huu ni wa tangu na tangu. Haukuanzishwa na Serikali yoyote, na vita vya Cabo Delgado vimeupunguza lakini havikuukata.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni dogo kwa umbo, kwani ni karatasi tu. Nini humpata mwananchi wetu anapokuwa ng'ambo, na hati yake ya safari ikazama, ikaibwa, ikaungua au ikachukuliwa na mtu mwingine? Swali hili huulizwa sana barazani na mara chache ofisini, nasi twaona limestahili kuulizwa mahali ambapo watu wa visiwani na watumishi wa Serikali watalisoma pamoja.

Sheria inayo majibu. Chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002, mbali na pasipoti ya kawaida ipo hati iitwayo Hati ya Dharura ya Safari. Hapa nchini hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa raia mwenye safari ya ghafla. Huko nje hutolewa na balozi zetu kwa raia aliyepotelewa na pasipoti, ili apate kurudi nyumbani. Si pasipoti ndogo, kama wengine wanavyodhani, wala si ruhusa ya kuendelea na biashara katika nchi ya watu. Ni karatasi ya kurudia kwao. Mwenye kupotelewa hutakiwa kwanza kutoa taarifa kwa polisi wa mahali alipo na kupewa maandishi ya taarifa hiyo. Kisha hufika ubalozini na maandishi hayo, picha, na chochote alicho nacho cha kuthibitisha kwamba yeye ni Mtanzania. Hujaza fomu, hulipa ada, na hungoja ubalozi ujiridhishe.

Neno hilo la mwisho, kujiridhisha, tunamwomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Sasa tumchukue mvuvi wa Msimbati kwa mfano. Chombo chake kimepinduliwa na tufani karibu na visiwa vya kaskazini ya Palma. Amenusurika yeye na wenzake, lakini sanduku la nahodha limekwenda na maji, na ndani yake zimo nyavu mpya, fedha za mauzo, na hati za mabaharia wote zilizofungwa katika mfuko wa nailoni. Anafika Palma na shuka aliyosetiriwa nayo na watu wema. Polisi wanampa taarifa yake, nayo imeandikwa kwa Kireno. Baada ya hapo sheria yamwelekeza ubalozini, na ubalozi wetu katika nchi ile uko Maputo.

Msomaji na afungue ramani. Kutoka Palma hadi Ruvuma si mwendo wa hata siku moja. Kutoka Palma hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000, mikoa kadhaa kati yake, na vizuizi vya askari barabarani ambako kila msafiri huulizwa hati. Mtu huyu basi, ambaye kwao kuko nyuma ya kilima cha pili, atakiwa aupe mgongo mto wake, aipite nchi nzima bila hati, ili akaombe hati ya kuuvuka mto ule ule aliouacha. Nauli yenyewe imekwenda na lile sanduku.

Afanyeje? Hapana haja ya kuzunguka maneno. Hushuka kando ya mto, akamtafuta mwenye mtumbwi, akangoja maji yajae, akavuka usiku. Ni kwao, mama yake yuko upande wa pili. Lakini kwa macho ya sheria ameingia nchini kwa njia isiyo halali, na akikutana na doria kabla ya kufika kwao, hana hata neno moja la maandishi la kumwambia askari kwamba yeye ni nani. Kule alikuwa mgeni asiye na hati. Hapa anakuwa mtuhumiwa katika nchi yake.

Wala haitakuwa haki kumlaumu askari. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji walipoivamia Mocímboa da Praia, mpaka huu umekuwa mpaka wa vita. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, kilivamiwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikavamiwa Palma, na watu wakakimbia kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa mashua, wengine wakielekea kwetu. Mwaka huo huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kuwa maelfu ya watu wa Msumbiji waliovuka kuja upande huu walirudishwa kwao kupitia Negomano. Katika hali kama hiyo, askari anayemwona mtu akitoka majini usiku, mtu asemaye Kimakonde au Kiswahili kama wasemavyo watu wa kingo zote mbili, hana budi kuuliza. Ni wajibu wake. Tunachosema sisi ni kwamba swali la askari ni zuri, na mwananchi apaswa kuwa na jibu lake. Na jibu hilo haliwezi kutengenezwa usiku ule pale ukingoni.

Mwezi wa Februari 2017 tuliona upande mwingine wa shida hii. Serikali ya Msumbiji iliendesha msako katika machimbo ya vito ya Montepuez, ambako rubi iligunduliwa mwaka 2009 na kuwavuta watu kutoka pande zote za Afrika. Wageni wa mataifa mengi walifukuzwa kwa elfu, na Watanzania miongoni mwao walikuwa wengi. Walirejea kwetu kwa makundi. Habari zilizoandikwa wakati ule zilisema kuwa baadhi yao walikuwa wameingia kwa njia halali na walilalamika kunyang'anywa mali na hati. Tuwe wakweli: wapo pia walioingia bila chochote, wakaishi hivyo miaka, wakaona mambo yanakwenda. Siku ya msako wote walipandishwa gari moja. Mwenye hati iliyopotea na asiyekuwa na hati kabisa hawatofautiki kwa sura.

Yafaa hapa tuseme kidogo juu ya asili ya mpaka wenyewe, maana wapo maofisa vijana waletwao kwetu kutoka mikoa ya mbali ambao hushangaa kwa nini watu wa pwani hii huvuka kana kwamba wanakwenda kisimani. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka wao. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya kwanza, Wareno wakairudisha kwa silaha, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha kuwa yao. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1890 alibadilishiwa bendera mara mbili kabla ya kutimiza miaka 30, bila ya kuhamisha hata jiko lake. Hatimaye, tarehe 28 Desemba 1988, nchi zetu mbili huru zilitia sahihi mapatano ya mpaka wa baharini: mstari mmoja wavutwa mlangoni mwa ghuba, kutoka Ras Mwambo upande wetu hadi Cabo Suafo upande wao, na kati ya mstari huo ndipo mpaka unapoanzia kwenda baharini. Ni mapatano mazuri, na hatukupigana kwa ajili yake. Lakini mstari huo hauonekani kwa macho, na anayefuata kundi la jodari hana jiwe la kumwonyesha.

Kisha kuna historia ya karatasi, ambayo ni chungu. Wazee wetu waliijua karatasi kama kamba. Kilikuwako kipande cha kazi. Ilikuwako stakabadhi ya kodi ya kichwa, ambayo asiyekuwa nayo alikimbilia porini. Na ng'ambo ilikuwako caderneta ya Wareno. Karatasi ilikuwa kitu cha kukamatiwa. Ilipofika tarehe 25 Septemba 1964, risasi za kwanza za FRELIMO zikalia kule Chai, maelfu ya watu walivuka Ruvuma kuja kwetu, nao hawakuulizwa pasipoti. Waliulizwa wamekula lini. Kwa hiyo mzee wa Kitunguli au Mahurunga anapoambiwa leo kwamba karatasi itamsaidia, hutikisa kichwa kwa heshima na kwenda zake. Hatumcheki. Tunasema tu kwamba ulimwengu wa karatasi umegeuka, na karatasi iliyokuwa kamba sasa ndiyo ngazi.

Tulirudie lile neno, kujiridhisha. Mtu husimama mbele ya ofisa wa ubalozi, iwe Maputo, iwe Moroni, iwe Maskati, akasema, "Mimi ni Mtanzania, natoka Mtwara, hati yangu imepotea." Ofisa hamjui. Akimsikia akisema Kiswahili, hilo halitoshi, kwa sababu Kiswahili husemwa Palma, husemwa Ngazidja kwa wengi, husemwa Mombasa na Bukavu. Akitaja kijiji, hata hilo halitoshi, kwa kuwa kijiji chaweza kujulikana na mpita njia. Ofisa hana budi kuuliza nyumbani. Na nyumbani maana yake nini? Ni daftari la uzazi, ni kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ni rekodi ya pasipoti ya zamani katika Idara ya Uhamiaji, na mwisho wa yote ni mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake, ambao huulizwa: je, mtu huyu ni wenu?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Hati ya dharura hutiwa muhuri ubalozini, lakini hutengenezwa kijijini. Kama kijiji kina jibu, ofisa aweza kuitoa kwa muda mfupi. Kama kijiji hakina jibu, au jibu lake lakawa "labda", mwananchi atalala nje ya lango la ubalozi hata siku ishirini na hakuna ofisa aliye mwema kiasi gani atakayeweza kumsaidia bila kuvunja sheria.

Na kwetu majibu ni magumu kwa sababu zinazoeleweka. Wapo watu wazima wengi wa mwambao ambao hawakupata cheti cha kuzaliwa. Walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, wakaandikwa kwa wino nyuma ya msahafu wa babu, au hawakuandikwa popote. Halafu wengine walizaliwa katika vitongoji ambavyo havipo tena. Wakati wa kuhamia vijijini, miaka ya 1970, watu wa kusini walihamishwa kwa wingi kutoka mashambani na kando ya mto na kukusanywa mahali pamoja. Mzee akiulizwa alizaliwa wapi, hutaja jina la mkorosho na kisima. Ofisa hulitafuta jina hilo katika orodha yake asilione, naye aanza kushuku. Mzee hakudanganya na ofisa hakukosea.

Lipo tena jambo la watoto wa dago. Mwanamke hufuatana na mume wake hadi visiwa vya ng'ambo, akajifungulia huko, na mtoto akarudi mgongoni bila maandishi ya nchi yoyote. Wengi hudhani mtoto huyo ni wa Msumbiji kwa kuwa alizaliwa huko. Sivyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yasema kuwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi ni raia wa Tanzania kwa kurithi ikiwa baba au mama yake alikuwa raia wakati wa kuzaliwa kwake, maadamu mzazi huyo hakuupata uraia wake kwa njia hiyo hiyo ya kurithi. Haki anayo, kilichokosekana ni ushahidi. Akikua akawa baharia, akapotelewa na hati, atathibitishaje?

Anayedhani kuwa tunakuza mambo na awatazame Wamakonde wa Kenya. Kuanzia miaka ya 1930 watu kutoka Msumbiji walikwenda pwani ya Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaoa, wakazaa na kuzikana huko Kwale. Watoto na wajukuu wao waliishi bila kitambulisho: hawakuweza kuajiriwa kwa halali, wala kuweka fedha benki, wala kupata pasipoti ya kwendea popote. Mwezi wa Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, ndipo Serikali ya Kenya ikaamuru waandikishwe, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Vizazi vitatu vilipita kabla ya karatasi hiyo moja kupatikana.

Wenzetu wengine wamelishughulikiaje jambo la msafiri aliyekwama? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya shughuli za kibalozi unahesabu utoaji wa pasipoti na hati za safari kwa raia kuwa mojawapo ya kazi za ubalozi mdogo. Mkataba huo huo wasema kuwa mtu aliyekamatwa katika nchi ya kigeni ana haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe, na wakuu wa mahali hapo wapaswa kumjulisha haki hiyo. Mabaharia wetu wanaokwenda kusini na walijifunze neno moja la Kireno kabla ya kung'oa nanga: embaixada, yaani ubalozi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwenda mbele zaidi. Raia wa nchi moja ya umoja huo, akipotelewa na pasipoti mahali ambapo nchi yake haina ubalozi, aweza kwenda katika ubalozi wa nchi nyingine mwanachama na kupewa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Nchi yake huulizwa, ikijibu ndiyo, hati hutolewa. Kusini mwa Afrika tunayo jumuiya yetu, SADC, ambayo Tanzania na Msumbiji ni wanachama wake. Hatuoni kwa nini wazo kama hilo lisizungumzwe kati ya nchi zilizomwaga damu pamoja.

Ubalozi wa Moroni ni mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa mepesi. Kutoka Mtwara hadi Ngazidja ni karibu maili 200 za baharini, na vyombo vyetu huenda huko na mifugo, vyakula na saruji. Baharia akipotelewa na hati Moroni, ubalozi uko mji ule ule aliposhukia. Tofauti kati yake na yule wa Palma haiko katika sheria, kwa kuwa sheria ni moja. Iko katika nauli.

Huko Ghuba shida ina sura nyingine. Binti zetu wa mwambao na visiwani waendao Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani aghalabu hawapotezi pasipoti, huchukuliwa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilikusanya maelezo ya wafanyakazi hao wa Kitanzania, na wengi walieleza kuwa waajiri walizishika pasipoti zao. Tulisikia habari kama hizo pia kwa vijana wa machimboni na kwa baadhi ya matajiri wa vyombo, wanaoshika hati za mabaharia kama rehani ya deni la chakula. Hili tunalikemea bila kumung'unya. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, imekabidhiwa raia aitumie. Haiwekwi rehani, na tajiri anayeifungia kabatini hana haki nayo hata kama anadai milioni.

Tulipokuwa watoto chuoni tulifundishwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na fungu la mwisho lilikuwa la ibnu sabili, mwana wa njia, yaani msafiri aliyekatikiwa. Walimu wetu walisisitiza kwamba mtu huyo hupewa hata kama kwao ni tajiri, kwa kuwa utajiri wake hauko naye pale njiani. Raia aliyepotelewa na hati ni mwana wa njia wa zama hizi. Uraia wake uko Msimbati, umekamilika. Pale alipo hauonekani.

Sasa tuseme yanayowezekana. Kwa ndugu zetu wa visiwani na wa mwambao: kitambulisho cha taifa kina namba ya tarakimu 20. Ni ndefu, lakini tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe, basi zinabaki 12 tu za kukariri, na mtu aliyehifadhi juzuu nzima hashindwi na 12. Mwenye namba hiyo kichwani, hata akitoka majini uchi, anayo njia ya kujulikana. Aidha picha ya ukurasa wa pasipoti ipigwe kwa simu na kutumwa kwa mtu wa nyumbani kabla ya safari, maana simu nayo huzama. Hati za mabaharia zisikae zote katika sanduku moja la nahodha. Aliyepotelewa na atoe taarifa polisi siku ile ile, asingoje msimu uishe. Na pasipoti aliyokwisha kuitangaza kuwa imepotea, akiiokota baadaye asiitumie tena, maana imefutwa na itamkamatisha. Kina mama wanaorudi na watoto waliozaliwa ng'ambo wawapeleke kuandikishwa mapema, wakati mashahidi wa uzazi bado wako hai na wanakumbuka.

Ndugu maofisa, kwenu tuna maombi matatu, na la kwanza ndilo kubwa. Maelezo ya ubalozi yanayoulizia mtu wa Mtwara yasikae trei ya mezani. Huku ni swali la kawaida kati ya maswali ya siku. Kule mtu analala njaa akilingoja. Awepo mtumishi mmoja mkoani ambaye kazi yake inajulikana kuwa ni kulijibu, naye awe na namba ya simu ya kila mtendaji wa kijiji kuanzia Msangamkuu hadi Kilambo. Pili, vivuko vyetu vya mpakani, Kilambo pamoja na Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, viwe na utaratibu unaojulikana wa kumpokea raia anayerudi bila hati na kujisalimisha mwenyewe mchana. Ahojiwe, kijiji chake kipigiwe simu, aandikwe, aachiwe aende. Akijua kuwa hilo lipo, hatavuka usiku, na askari wetu watapata nafasi ya kuwatazama wale wanaostahili kutazamwa. Daraja liko mbali na pwani, zaidi ya kilomita 200 kupanda mto, kwa hiyo kwa watu wa mlangobahari Kilambo ndiyo tegemeo, ambako hata pantoni hungoja maji yajae. Tatu, maofisa wa ubalozi wafike majimbo ya kaskazini ya Msumbiji kwa tarehe zinazotangazwa mapema huku Mtwara pia, ili jamaa wapelekeane habari.

Wapo watakaosema kuwa kulegeza namna hii ni kuwafungulia mlango wahalifu. Hatukubaliani nao. Mhalifu hajisalimishi mchana na kutaja jina la mtendaji wake. Mpaka ambao wananchi wake wote huvuka usiku kwa kukosa karatasi ndio mpaka mzuri kwa mhalifu, kwa sababu hujificha miongoni mwao.

Mwisho kuna jambo lisilohitaji waraka wala bajeti. Vijiji vya uvuvi tayari vina vikundi vya kulinda rasilimali za bahari, vile vinavyojulikana kwa herufi BMU, na vikundi hivyo huvijua vyombo vyote na manahodha wake. Kila chombo kinachotweka tanga kwenda kusini kiandikwe: jina la chombo, nahodha, mabaharia, namba ya kitambulisho ya kila mmoja, jina la mama yake, kitongoji alichozaliwa na kijiji kinachokaa mahali pa kitongoji hicho leo, na siku waliyoondoka. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine ipelekwe ofisi ya Uhamiaji mkoani. Daftari la kurasa mia mbili hupatikana katika duka lolote la vifaa vya shule Mtwara mjini. Msimu wa kaskazi huanza Novemba, na watendaji wa Msimbati, Madimba, Msangamkuu na Mgao wanao muda wa kulifungua kabla ya chombo cha kwanza kuondoka.